Usanisi na vichocheo: jibu kwa mwanafunzi aliyeambiwa kemia hii ni ya nchi tajiri

*Swali: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kemia, Dar es Salaam. Muhula uliopita tulifanya mmenyuko wa Grignard maabara. Wangu uligoma mara mbili, mara ya tatu ukaanza kuchemka wenyewe kwenye chupa, na tangu siku hiyo sitamani kazi nyingine. Nataka kuwa mtafiti wa usanisi wa molekuli za ogania na vichocheo. Kaka yangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, anasema hiyo ni kemia ya nchi tajiri: nikirudi na uzamivu nitakuta maabara haina hata nitrojeni ya kimiminika, na nitaishia kufundisha madarasa ya watu mia tatu bila kugusa chupa tena. Je, amekosea? Na kama amekosea, nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni ile chupa iliyochemka yenyewe. Mmenyuko wa Grignard, ule wa kuunganisha kaboni na kaboni kwa msaada wa magnesi, hugoma hasa kwa sababu ya maji. Etha ikiwa na unyevu kidogo tu, au magnesi ikiwa imefunikwa na utando wa oksidi, hakuna kinachoanza. Nawe uko Dar, ambako hewa ya mwezi wa Aprili hulowesha hata chumvi iliyo mezani. Nadhani mara ya tatu ulikausha vyombo kwa makini zaidi, au fundi wa maabara alidondosha chembe ya iodini. Victor Grignard aliutangaza mmenyuko huo mwaka 1900, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu kule Lyon. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mfaransa mwenzake, Paul Sabatier, ambaye alionyesha kuwa nikeli iliyosagwa laini huwezesha hidrojeni kuungana na misombo ya ogania. Mafuta ya kupikia yaliyogandishwa kiwandani yana asili yake katika kazi hiyo. Kwa hiyo mambo mawili unayoyataka wewe, kujenga molekuli na kutafuta vichocheo, yamekaa nyumba moja tangu zamani.

Kuhusu nitrojeni ya kimiminika, kaka yako amesema kweli, na sitakupamba kwa maneno. Kuna wiki nyingi hatuna. Hitimisho lake ndilo nisilolikubali, nami nitakueleza kwa nini, kwa urefu kidogo.

Tuanze na hesabu. Tuseme dawa inajengwa kwa hatua kumi, na kila hatua inakupa asilimia 90 ya ulichotarajia. Mwisho wa safari unabaki na asilimia 35 tu. Hatua zikiwa ishirini, na kila moja ikitoa asilimia 80, basi katika kila molekuli mia ulizoanza nazo ni moja tu inayofika. Zilizobaki zimekuwa taka, na taka hiyo imenunuliwa kwa fedha, imepashwa moto kwa umeme, na imeoshwa kwa viyeyushi ambavyo lazima mtu avitupe mahali fulani. Kichocheo kizuri hufupisha safari hiyo. Huteremsha kilima ambacho molekuli zinatakiwa kukipanda kabla ya kumenyuka, kisha chenyewe hubaki na kurudia kazi. Tunaposema tumetumia asilimia moja ya paladi, metali ya thamani inayotumika sana kama kichocheo, tunahesabu atomu, si gramu. Maana yake ni kwamba kila atomu ya paladi imefanya kazi ileile mara mia hivi.

Sasa nenda duka la dawa lolote mtaani kwenu, uombe dawa ya mseto ya malaria. Moja ya dawa mbili za mseto huo ni artemeta, inayopatikana kutoka kwa artemisinini kwa hatua mbili. Kwanza artemisinini huongezewa hidrojeni kwa sodiamu borohidridi. Kisha huwekwa kwenye methanoli pamoja na asidi, na asidi hiyo ni kichocheo. Mwanafunzi wa mwaka wako anaweza kuzielewa hatua hizo mbili mpaka mshale wa mwisho. Mmea wenyewe, *Artemisia annua*, umelimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Lakini viwanda vyetu vya dawa, kwa sehemu kubwa, hununua kiini cha dawa kutoka India na China, kisha hutengeneza vidonge na kuvifungasha. Kati ya jani na kidonge kuna pengo, na ndani ya pengo hilo mna kemia unayoitaka wewe. Mwambie kaka yako hivyo. Kukosa wajuzi wa usanisi kunatugharimu kila mwaka, na nchi yenye fedha chache ndiyo inayoumia zaidi.

Wapo wakemia ambao maisha yao yote ya kazi wameyaweka katika pengo la aina hiyo. B. Frank Gupton, kule Richmond, Virginia, aliupanga upya na wenzake usanisi wa nevirapini ili dawa hiyo ya VVU ipatikane kwa gharama ndogo na taka chache. Hakuvumbua dawa mpya, alitafuta njia fupi ya kuifikia dawa iliyokuwapo tayari. Kwangu mimi hiyo ni kazi yenye heshima sawa na ugunduzi wowote.

Umeuliza uanzie wapi. Kabla ya vyuo na fomu, ngoja nikusimulie habari za Akira Suzuki, maana katika kemia yetu sijui maisha mengine yanayojibu swali lako vizuri zaidi. Alizaliwa mwaka 1930 Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, akasoma na kufundisha Sapporo. Miaka ya sitini ya mwanzo alisoma kazi za Herbert Brown wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kuhusu misombo ya boroni. Zikamvutia kiasi kwamba mwaka 1963 alikwenda Purdue kufanya utafiti chini ya Brown mwenyewe. Mwaka 1965 akarudi nyumbani.

Alichorudi nacho kilikuwa swali. Misombo ya boroni ilikuwa imetulia mno. Haikusumbuliwa na maji wala hewa, na wakemia wengi waliona ndiyo maana haina manufaa, kwa kuwa kitu kisichomenyuka utakifanyia nini? Suzuki aliligeuza jambo hilo. Kitu kinachovumilia maji na hewa ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukishika, bora tu upatikane ufunguo wa kukiamsha. Ufunguo ukawa paladi kidogo pamoja na besi. Mwaka 1979 yeye na Norio Miyaura walitangaza mmenyuko unaobeba majina yao, ambao huunganisha kaboni na kaboni kwa upole. Hakuuwekea hataza. Mwaka 2010 alishiriki Tuzo ya Nobel na Ei-ichi Negishi, ambaye pia alipitia kwa Brown, na Richard Heck.

Losartani, dawa ambayo wazee wetu wengi humeza kila siku kwa ajili ya shinikizo la damu, ina pete mbili za benzini zilizoshikana, na mshikamano wa namna hiyo ndio kazi ya Suzuki. Nawe ukiwa na chupa yenye maji, sodiamu kabonati, misombo miwili ya kuunganishwa, mmoja wake asidi ya boroni ya ogania, na paladi kiduchu, unaweza kuufanya mmenyuko huu hapa Dar bila kupigana na unyevu kama ulivyopigana na Grignard.

Heck naye nisimpite. Alianza kazi yake katika kampuni ya kemikali kule Delaware, kisha akahamia chuo kikuu. Fedha za utafiti zilipokatika akastaafu mwaka 1989 na baadaye akaenda kuishi Manila, Ufilipino, nchi ya mke wake. Tuzo ilimkuta huko, miaka 21 baada ya kufunga maabara. Nakusimulia hili kwa sababu utakutana na miaka ambayo ruzuku haiji, na ni vizuri ujue mapema kwamba ukame huo umewakuta hata waliobadilisha sayansi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wangu akishike kabla hajashika kitu kingine chochote. Utafiti wa vichocheo una mtego mmoja mkubwa: mmenyuko unaweza kufanikiwa kwa sababu usiyoijua. Mwaka wa pili wa uzamivu wangu, Ujerumani, nilikuwa natafuta kichocheo cha chuma badala ya paladi. Chuma ni rahisi, kipo kila mahali, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nitarudi nyumbani nacho. Baada ya miezi minane ya kushindwa, wiki moja kila kitu kikafanya kazi. Nilifurahi nikampigia simu mama. Msimamizi wangu hakusema neno. Alinipa chupa mpya na kijiti kipya cha sumaku cha kukorogea, vyote havijawahi kutumika, akaniambia nirudie. Hakuna kilichotokea. Kijiti changu cha zamani kilikuwa kimetumiwa na mwenzangu kwa mimenyuko ya paladi, na ile chembe iliyobaki kwenye mikwaruzo yake ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi niliyoipa sifa chuma.

Nililia, nakiri. Baadaye nikajua kwamba wakubwa wamepitia hapo hapo. Mwaka 2003 kundi la Nicholas Leadbeater lilitangaza kuwa mmenyuko wa Suzuki unaweza kwenda bila metali yoyote. Mwaka 2005 kundi hilohilo likarudi na kusema limeikuta paladi ndani ya sodiamu kabonati iliyonunuliwa dukani, kiasi cha sehemu kama 50 katika bilioni, na ilitosha. Naliheshimu sana tangazo hilo la pili. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walionyesha kuwa baadhi ya mimenyuko iliyodaiwa kuwa ya chuma ilikuwa ikiendeshwa na shaba iliyojificha ndani ya chumvi ya chuma. Na mwaka 2021 jambo hilo likajirudia: jarida kubwa likachapisha mmenyuko wa Suzuki unaoendeshwa na amini, yaani msombo wa nitrojeni usio na metali, peke yake, na kabla mwaka haujaisha makala ikaondolewa, maana paladi ilikuwa imo.

Kwa hiyo jizoeze kitu kimoja kuanzia leo. Kila unapoweka chupa yenye kichocheo, weka na ya pili isiyo nacho, vyombo vipya, masaa yaleyale, joto lilelile. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Lakini nimeona makundi yenye mashine za mamilioni yakiiruka, na nimeona mwanafunzi mwenye vifaa haba akiifanya kila siku, na najua kazi ya nani ninaiamini.

Kuhusu njia ya masomo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mambo haya utayapata kwa kuuliza. Uzamili unaweza kuufanya hapa, na nakushauri uufanye hapa, chini ya mtu anayeingia maabara mwenyewe. Vyuo vyetu vina mila ndefu ya kutenga misombo kutoka mimea ya asili. Ukijifunza kutenga na kutambua molekuli ya mmea umejifunza nusu ya usanisi: kromatografia, usafishaji, kusoma picha za NMR, kipimo kinachoonyesha jinsi atomu zilivyoshikana ndani ya molekuli. Usiidharau kazi hiyo kwa sababu si ya vichocheo. Kwa uzamivu, kutoka nje kunasaidia, nami sioni aibu kusema hivyo. Mülheim, Ujerumani, kuna Taasisi ya Max Planck ambako Karl Ziegler alifanya kazi na ambako Benjamin List yupo hadi leo. Rostock, pia Ujerumani, kuna Taasisi ya Leibniz ya vichocheo. Cardiff, Uingereza, wana taasisi kubwa ya vichocheo vigumu, yaani vile vinavyobaki kama unga wakati vinavyomenyushwa ni gesi au kimiminika. Cape Town ni karibu zaidi, na usiiweke ya mwisho. Ufadhili uutafute DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, Jumuiya ya Madola na TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, ambayo hufadhili uzamivu wa wanawake kutoka nchi kama yetu katika nchi nyingine zinazoendelea.

Ukimwandikia profesa usimwandikie kwamba unapenda kemia tangu utotoni. Soma makala zake mbili, mwambie ni jedwali gani lilikushangaza na kwa nini. Barua ya namna hiyo hata ikiwa na Kiingereza cha kuvunjika itasomwa hadi mwisho.

Nimetaja Cape Town kwa sababu ya Kelly Chibale. Ni mzaliwa wa Zambia, shahada ya kwanza akaichukua Chuo Kikuu cha Zambia. Akafanya uzamivu wa usanisi Cambridge, akaendelea na utafiti Liverpool na kisha Scripps, California. Mwaka 1996 akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 2010 akaanzisha H3D, kituo cha kugundua dawa. Kundi lake pamoja na washirika wa kimataifa walipata molekuli ya malaria iitwayo MMV390048, ikafika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu. Ukiuchora muundo wake utaona pete ya piridini iliyoshikwa na pete nyingine mbili. Uliza zilishikanishwaje. Kwa mmenyuko wa Suzuki. Wazo lililozaliwa Sapporo kutokana na misombo iliyodhaniwa haina faida, likajenga Cape Town molekuli ya kupambana na homa inayotusumbua sisi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kaka yako hasa. Wengi wanaorudi wanakwama kwa sababu wamerudi na mbinu. Walijifunza kazi inayohitaji sanduku la arigoni lisilo na chembe ya hewa, viyeyushi vikavu kupindukia na ruteni ya bei ya dhahabu. Walipofika hapa umeme ukakatika mara tatu kwa wiki, na mbinu ikafa. Chagua tangu mapema swali ambalo mazingira yetu hayaliui. Vichocheo vya ogania vinavyofanya kazi hewani. Mimenyuko ndani ya maji badala ya etha. Mimenyuko ya kusaga, ambapo viambato vikavu hutwangwa pamoja ndani ya kinu chenye gololi na kiyeyushi hakihitajiki kabisa. Mimenyuko inayosukumwa na mwanga wa taa ndogo za buluu, zile za mapambo zinazouzwa Kariakoo kwa mita. Nyanja zote hizi zinakimbiliwa duniani sasa hivi kwa sababu kila nchi imechoshwa na taka, na katika nyanja hizi umbali kati yetu na wao ni mfupi kuliko popote pengine.

Jambo moja silipunguzii uzito. Desemba 2008, katika chuo kikuu cha California kilichopo Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akihamisha kwa sindano msombo wa lithi unaowaka wenyewe ukigusa hewa. Kisukumio cha sindano kilichomoka, moto ukamshika, hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Pale palikuwa na hospitali kubwa jirani na bado haikutosha. Kwetu kabati la kufyonza mivuke mara nyingine halifyonzi. Likiwa halifyonzi usifanye kazi, hata kama msimamizi amekasirika, hata kama ni wiki ya mwisho ya tasnifu. Koti la pamba, miwani, mtu wa pili chumbani. Nimewahi kumfukuza maabara mwanafunzi mzuri sana kwa ajili ya miwani, na nitafanya hivyo tena.

Kuhusu ada, mweleze kaka yako kwamba uzamivu wa kemia Ujerumani, Uswisi au Marekani kwa kawaida hulipiwa: mwanafunzi hupewa mshahara au posho, haleti ada kutoka nyumbani. Na kuhusu madarasa ya watu mia tatu, ni kweli, langu la mwaka wa kwanza lina mia mbili na themanini. Jumamosi nzima ni ya chupa, na jioni tatu za wiki. Ningependa ziwe nyingi zaidi, nami nazipigania kila muhula kwenye vikao. Lakini sijawahi kuacha kugusa chupa.

Na kwa kuanza, usisubiri barua ya Ujerumani. Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake walionyesha kuwa prolini, asidi amino ya kawaida inayopatikana kwenye nyama na maharage, inaweza kuunganisha asetoni na aldehidi na kupendelea umbo la mkono mmoja dhidi ya la mkono mwingine, maana molekuli nyingi huwa na maumbo mawili yanayotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Walitumia asilimia 30 ya prolini, maana yake kila molekuli ilirudia kazi mara mbili tatu tu, na bado uwanja mzima ukafunguka. Mwaka 2021 List na David MacMillan walipewa Nobel kwa vichocheo vya namna hiyo. Idara yenu bila shaka ina asetoni, na sitashangaa ikiwa kuna polarimita ya zamani kabatini, kile kifaa kinachoonyesha jinsi molekuli zinavyouzungusha mwanga. Mwombe mhadhiri wako mnunue 4-nitrobenzaldehidi na gramu chache za prolini. Mmenyuko unakwenda usiku kucha kwenye joto la chumba. Usafishe unachopata, ukipime kwenye polarimita, uone kama mwanga unazunguka. Pembeni weka chupa ya pili isiyo na prolini, na ikiwezekana ya tatu yenye prolini mchanganyiko wa mikono yote miwili. Ukiniandikia matokeo, niandikie ya chupa zote tatu.